Kijana wa miaka 13 kavimba chuchu, kagoma kuvua shati. Wenye uzoefu na watoto wa kiume karibuni

Mjomba wa Chumbageni (mleta uzi)

Wakuu heshima kwenu. Najua humu kuna wazazi, walimu na watu wa afya, naombeni tujadili hili kwa ustaarabu.

Naishi Tanga na mpwa wangu, mtoto wa dada. Dada yuko Muscat kikazi, baba mtu yupo yupo tu, hivyo malezi ni mimi na mke wangu. Kijana yuko darasa la saba, katimiza 13 mwaka huu. Ni mtoto wa mpira na bahari, Jumamosi jioni usipomwona uwanjani ujue yuko Raskazone na wenzake.

Sasa hivi haogelei. Ukimwambia twende, ana mafua. Kwenye mpira wakigawana timu, hawa wa mashati na hawa wa vifua wazi, akipangiwa vifua wazi anatoka anakaa pembeni. Ndani anavaa fulana mbili na joto lote hili la Tanga. Juzi mdogo wake kamgonga kifuani kwa kiwiko wakicheza, kajikunja na machozi yakamtoka, huyu ambaye aliwahi kuchomwa na mwiba wa samaki akacheka.

Nikamwita chumbani, nikafunga mlango, nikamwambia nionyeshe. Chini ya chuchu ya kushoto kuna kitu kigumu, ukubwa wa kifungo cha koti, kikiguswa kinauma. Kulia nako kunaanza kwa mbali. Kaniuliza huku anaangalia sakafu: "Mjomba, nageuka msichana?" Nikamwambia hapana, hugeuki. Lakini akiniuliza "sasa ni nini?" sina la kumwambia.

Bibi yake kashauri kikandwe kwa maji ya moto na kifinywe mpaka kiishe. Nimemzuia kwanza.

Kilichonifanya nilete uzi siyo kifua peke yake. Msichana akivunja ungo kuna shangazi, kuna somo, kuna mama, kuna mpaka khanga za kupewa. Wa kiume unasikia tu sauti imekuwa nzito, unamwambia "sasa umekuwa, hamia chumba cha nje". Basi, mafunzo yameisha hapo. Nyie wenzangu mnaanzaje mazungumzo haya na vijana wenu?

Fundi Mita

Mkuu usihangaike, hizo ni chipsi kuku. Hawa kuku wa kisasa wanachomwa homoni wakue haraka, homoni zinaishia kwa watoto wetu. Ndiyo maana wasichana wanavunja ungo darasa la nne na wavulana wanaota matiti. Mrudishe kwenye dagaa na kuku wa kienyeji, utaniambia.

Kipanga Mweupe

Pushapu hamsini kila asubuhi. Kifua kitakuwa cha mwanaume kabla ya mtihani wa Septemba 😂

Dada wa Kliniki

Kipanga, hilo siyo suala la misuli, pushapu hazitafanya kitu.

Mleta uzi, mimi ni muuguzi, nimefanya kazi kliniki ya watoto muda mrefu. Ulichoeleza ni cha kawaida sana, ila wavulana hawaji nacho hospitali. Wanakaa nacho nyumbani na "mafua" kama huyo wako.

Iko hivi. Balehe ikianza, ubongo unaiamsha tezi ya pituitari, nayo inaziamsha korodani zitoe testosteroni. Sehemu ya hiyo testosteroni mwili wenyewe unaigeuza kuwa estrojeni, homoni ambayo watu wanadhani ni ya wanawake tu. Katikati ya balehe, mara nyingi kwenye miaka 13 na 14, mizani inaelemea huko kwa muda, na nyama iliyo chini ya chuchu inaitikia. Nusu ya wavulana au zaidi wanapitia hali hii. Inaweza kuanza upande mmoja, inaweza kuuma, na kwa walio wengi inanywea yenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kwa hiyo mwambie kijana kwamba ni balehe yake ya kiume ndiyo inayofanya hivyo, inafanya kazi sawasawa.

Msikande, msifinye. Mtamuumiza bure. Mpelekeni kituoni kama chuchu inatoa majimaji au damu, ngozi ikiwa nyekundu na ya moto, uvimbe ukiendelea kukua, akigusa uvimbe kwenye korodani, au kama kifua kimetangulia dalili nyingine zote za balehe. Akiulizwa dawa anazotumia azitaje zote, maana zipo zinazoleta hali hii, kama baadhi ya dawa za fangasi za kumeza na ARV iitwayo efavirenz iliyotumika sana miaka ya nyuma.

Sasa hilo la "tuongee nao lini". Wazazi wengi wanasubiri ndevu na sauti. Hivyo ni vya mwishoni. Dalili ya kwanza kabisa kwa mvulana ni korodani kukua, popote kati ya miaka 9 na 14, na hiyo hakuna mzazi anayeiona. Madaktari wa homoni za watoto wana uzi wa shanga 12 za umbo la yai, uliobuniwa na daktari wa Uswisi Andrea Prader. Shanga ndogo kabisa ina ujazo wa mililita 1, kubwa 25. Daktari analinganisha shanga na korodani kwa mkono: korodani ikifika ukubwa wa shanga ya mililita 4, balehe imeshaanza, hata kama sauti bado ni ya mtoto wa chekechea. Baada ya hapo ndipo nywele za sehemu za siri, uume kukua, urefu kufumuka, kikwapa, chunusi, sauti, ndevu. Sasa fikiria mzazi anayesubiri ndevu: kijana anaweza kumpa msichana mimba wakati kidevu chake hakina hata unywele mmoja.

Lingine, na hili naomba kila mwenye mtoto wa kiume alishike. Maumivu makali ya ghafla ya korodani, pengine na kutapika, ni dharura. Korodani imejizungusha na damu haifiki. Ukichelewa zaidi ya saa 6 hivi unaweza kuipoteza. Wavulana wanaficha kwa aibu mpaka asubuhi. Mwambieni tangu leo: ikitokea, hata kama ni saa nane usiku, gonga mlango.

Mfugaji wa Pugu

Fundi Mita kila siku kuku, kuku. Nafuga hao unaowasema. Kuku anaingia sokoni wiki ya tano au ya sita kwa sababu mbegu yake imechaguliwa miaka mingi ili akue haraka, na chakula chake kimepimwa. Sindano ya homoni nitamchoma lini, na kwa faida gani? Banda lina kuku elfu moja, hata chanjo ya kideri na Gumboro naweka kwenye maji ya kunywa kwa sababu siwezi kumkamata mmoja mmoja. Halafu homoni ya ukuaji ni protini, ukiila inameng'enywa tumboni kama nyama nyingine.

Ukitaka kutusema, tuseme kwenye antibayotiki. Wapo wanaompa kuku dawa leo na kumuuza kesho bila kusubiri siku zilizoandikwa kwenye kopo. Hilo ni kosa la kweli.

Fundi Mita

Sawa mtetezi wa kuku. Nieleze basi kwa nini wasichana wanawahi kuliko enzi za mama zetu.

Dada wa Kliniki

Lishe, Fundi. Mwili wa msichana unaanza balehe ukiwa na akiba ya kutosha, na watoto wenye mafuta mengi mwilini wanaelekea kuanza mapema zaidi. Ulaya karne ya 19 wasichana wengi walipata hedhi ya kwanza wakiwa na miaka 16 hivi. Kufikia katikati ya karne ya 20 umri ulishashuka mpaka karibu 13, kabla dunia haijaanza kula kuku wa wiki sita. Kwa hiyo chipsi kuku za kila siku zinaweza kuwa na mchango wake, kwa mafuta na unene.

Wa darasa la nne ana miaka 10. Akivunja ungo hapo amewahi, ila bado yuko ndani ya kawaida. Matiti yakichipuka kabla ya miaka 8, au mvulana akianza kabla ya 9, mpelekeni hospitali. Vilevile msichana wa 13 ambaye hana dalili yoyote, mvulana wa 14 ambaye hana dalili yoyote, na msichana wa 15 ambaye hajaona hedhi.

Kijana wa Newala

Mleta uzi umegusa penyewe. Kwetu zamani jando lilikuwa kiangazi, mavuno yakishaingia ghalani. Vijana wanapelekwa porini, wanakaa kambini mpaka wapone, na huko tohara na mafunzo vilikuwa kitu kimoja: mwili wako utafanya hivi, mwanamke anaheshimiwa vile, mkubwa anaamkiwa namna hii, msiba unaingiwa namna ile. Sasa mtoto anatahiriwa hospitali akiwa na miaka mitano, kwa ganzi, anarudi nyumbani na soda mkononi. Ni salama zaidi na sina ugomvi nako. Lakini kilichohamia hospitali ni wembe. Mafunzo yalibaki porini.

Mikoa mingine hata mfano huo hawakuwa nao. Iringa na Njombe vijana wengi wametahiriwa ukubwani kwenye kampeni za kujikinga na VVU. Kijana anaelezwa kwamba tohara inapunguza hatari ya mwanaume kuambukizwa kwa kama asilimia 60, anaelezwa kuhusu kondomu pia, anaondoka. Hayo ni mazuri. Ila nani anamweleza kwa nini anataka kulia bila sababu?

Na tusilipambe jando kupita kiasi. Kulikuwa na kipigo, njaa na nyimbo ambazo siwezi kuziandika hapa. Wapo waliotoka kambini wakiwa wameelewa jambo moja tu, kwamba sasa ni ruksa. Mimi nikipewa nafasi nitarudisha wiki moja ya wajomba na vijana, bila fimbo.

Binti Mzaramo

Kaka zangu mnatuonea wivu wa khanga? 😅 Mimi nilichezwa unyago, nikafundishwa namna ya kukaa na mume wakati nilikuwa bado nacheza rede. Kuhusu mwili wangu mwenyewe nilichoambiwa ni "ukiguswa na mvulana utapata mimba". Muhula mzima nilikataa kukaa dawati moja na mtoto wa jirani. Hakuna aliyeniambia kwamba mwaka wa kwanza au wa pili hedhi inaweza kuruka mwezi na ikarudi, kwa hiyo ilipochelewa nikaamini nina mimba ya dawati.

Na pedi ununue kwa pesa gani? Kodi ya ongezeko la thamani iliondolewa 2018, ikarudishwa 2019 kwa hoja kwamba bei dukani haikushuka. Kwa hiyo mafunzo ya wasichana mengi ni ya ndoa na vitisho. Kimya chenu na kelele zetu, sioni aliyenufaika.

Ustadhi wa Mtaa

Assalaam alaykum. Mleta uzi kama ni Muislamu, mlango umeshafunguliwa siku nyingi. Watoto wa madrasa wanasoma alama za kubaleghe kwenye kitabu kidogo cha fikihi ya Shafii: kuota, hedhi kwa msichana, au kutimiza miaka kumi na tano. Mtoto anakariri kwa sauti darasani tena bila aibu, kwa sababu hajui anakariri nini. Unachotakiwa ni kukaa naye umuulize: hiyo "kuota" umeielewa? Hapo unamweleza ndoto nyevu, kwamba si dhambi na si ugonjwa, usingizini kalamu ya kuandika madhambi haiandiki, kisha unamfundisha josho la janaba. Mimi wanangu nimeanzia kwenye josho, mengine yakajifuata yenyewe. Kijana akishajua kuna utaratibu wa kuoga, anajua pia kwamba wakubwa wote wamepitia.

Mama wa Muscat

Niko huku Oman pia, mwanangu wa kike yuko Tanga kwa mama. Alivunja ungo nikiwa kazini, nikasikia kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp saa tatu baadaye. Dada yako akipiga simu ya video na mtoto akakataa kuwasha kamera, usimlazimishe, lakini muombe ruhusa kijana umweleze mama yake. Sisi huku tukiona kamera imezimwa tunawaza mabaya yote.

Mwalimu wa Malezi

Naona tumemaliza kifua na kuku, niongezee la moyoni, maana huko ndiko ninakoshinda.

Nafundisha sekondari ya bweni. Kulikuwa na kijana wa kidato cha kwanza, msomaji mzuri, akachaguliwa kusoma risala mbele ya wageni. Sauti ikamkatika katikati ya sentensi, ikapanda juu kama ya mtoto, ikashuka. Paredi nzima ikacheka, na walimu wawili watatu wakacheka. Tangu siku hiyo darasani akiitwa kusoma anasimama, anakaa kimya. Mwalimu wa somo akaandika "kiburi". Akachapwa kwa kiburi. Nilimuuliza peke yetu stoo ya vitabu, akaniambia kwa kunong'ona, kwa sababu akinong'ona haikatiki.

Zoloto, yaani kisanduku cha sauti kooni, inakua na nyuzi za sauti zinarefuka ndani ya miezi michache, misuli haijazizoea. Mwalimu akitamka hilo mbele ya darasa mwanzoni mwa mwaka, kicheko kinapungua nusu. Nimeona.

Hasira nazo zina maelezo. Sehemu za ubongo zinazoshughulika na hisia, raha na msisimko zinachangamka mapema, lakini sehemu ya mbele inayopima na kuzuia inaendelea kukomaa mpaka miaka ya ishirini na kitu. Kwa hiyo kijana wa 14 ukimuuliza peke yake, "kuning'inia nyuma ya lori ni hatari?" atakujibu vizuri kuliko wewe. Mweke na wenzake wanne wanaomtazama, ananing'inia. Hajasahau jibu. Macho ya wenzake yana uzito ambao sisi tumeshausahau. Ndiyo maana mpwa wako anaweza kuvumilia maumivu ya kifua, ila vifua wazi mbele ya wenzake hawezi.

Usingizi pia. Homoni inayoleta usingizi inachelewa kutoka usiku kwa vijana wa umri huu, kwa hiyo saa nne wako macho makavu, na wanahitaji saa 8 mpaka 10. Sisi bwenini tunagonga kengele saa kumi alfajiri. Halafu kipindi cha kwanza tunawapigisha magoti kwa kusinzia. Nimelisema kwenye vikao vya walimu mpaka nimechoka.

Kijana akibadilika zaidi ya hapo, haji tena kula na wenzake kwa wiki kadhaa, anagawa vitu vyake, anazungumzia kufa, hiyo siyo balehe. Mtafutie msaada siku hiyohiyo. Namba 116 ya huduma kwa mtoto ni bure.

Mama Shujaa

Naomba kuchangia upande wa wanaochelewa. Mwanangu ana selimundu (sickle cell), ana miaka 16, ukimwona utasema 12. Wenzake wana ndevu, yeye anaitwa "dogo" na mdogo wake wa kumfuata. Kliniki wametueleza kwamba selimundu inachelewesha balehe, damu pungufu na mwili unaotumia nguvu nyingi kupambana, lakini kwa wengi inafika. Anatumia dawa ya selimundu iitwayo hydroxyurea, anapimwa urefu kila tukienda, na grafu imeanza kupanda. Ile karatasi yenye mstari unaopanda ameibandika ukutani.

Kwa wenye wavulana wa selimundu: uume ukisimama wenyewe na maumivu, ukakaa hivyo zaidi ya masaa manne, ni hospitali haraka. Hili nililijua kwa mama mwenzangu kwenye foleni ya kliniki, yeye mwanawe alikaa nalo usiku kucha.

Kipanga Mweupe

Nilikuja kucheka, sasa nasoma kila kitu. Mwalimu, mimi nilikuwa na chunusi mbaya sana, nikapaka tyubu ya shangazi niliyoambiwa inasafisha uso. Zikapotea wiki ya kwanza, zikarudi mara mbili na uso ukawaka. Ilikuwa nini?

Dada wa Kliniki

Krimu ya steroidi, ileile inayochanganywa kwenye mkorogo. Inatuliza haraka, kisha inaleta chunusi zake yenyewe na ngozi inakuwa nyembamba. Chunusi za balehe zinatokana na tezi za mafuta kuzidisha kazi. Osha uso mara mbili kwa siku kwa sabuni laini, usizitumbue, na famasi uliza dawa yenye benzoyl peroxide. Zikiwa kubwa na zinaacha makovu, muone daktari wa ngozi.

Mjomba wa Chumbageni (mleta uzi)

Wakuu, nimewasoma wote, nashukuru. Mrejesho.

Nilimpeleka kituo cha afya. Daktari alikuwa kijana wa kiume, nikaomba nitoke nje kwanza wazungumze wenyewe, akakubali. Aliponiita ndani mpwa wangu alikuwa amekaa wima kidogo. Kakaguliwa, kaulizwa dawa, hana anazotumia. Kaambiwa ni ya balehe, arudi baada ya miezi sita au mapema kukiwa na mabadiliko. Urefu wake ukaandikwa. Daktari kasema miaka miwili ijayo anaweza kuongeza sentimita tisa au kumi kwa mwaka, kijana akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Tukiwa njiani kurudi nilijaribu ya Ustadhi. Nikamuuliza, ile "kuota" ya madrasa umeielewa? Kaniambia, "Mjomba, hiyo ilishatokea, nilijua ni ugonjwa, shuka nikafua usiku." Tulisimama kwenye kivuli cha mwembe pale, tukazungumza mpaka bodaboda wa kijiweni wakaanza kutuangalia. Maswali yake mengine yalinizidi, nitayaleta kwenye uzi wake. Mama yake nimemweleza kwa ruhusa ya mwenyewe. Bibi bado anadai maji ya moto.

Raskazone bado hajaenda. Kaniambia ataogelea na fulana, nimemwambia sawa.

Sasa swali la pesa. Viatu nilivyomnunulia mwezi wa kwanza havimwingii. Ni kawaida, au ananichezea apate raba mpya?

Dada wa Kliniki

Ni kawaida kabisa 😂 Miguu na mikono inatangulia, kiwiliwili kinafuata. Ndiyo maana wanajikwaa na kuangusha vikombe, wanazomewa uzembe bure. Mguu ukifumuka hivyo, urefu hauko mbali.

Mjomba wa Chumbageni (mleta uzi)

Na kidato cha kwanza ni Januari, sare zote mpya. Ninunue sasa au nisubiri?

Binti Mzaramo

Subiri Desemba mwishoni. Suruali chukua yenye pindo refu, fundi atakuwa anashusha. Viatu ongeza namba moja na soksi nene.

Fundi Mita

Viatu ingia mitumba Mgandini, ngozi tupu, akivikulia unampa mdogo wake. Na kuku wa kienyeji sijamfuta, namshusha cheo tu.